Mtaalamu mwandamizi wa sera na mipango ya usalama wa mtandao serikalini: namna ya kuifanya kazi hii, hatua kwa hatua

Ukipandishwa hadi cheo hiki, jambo la kwanza utakalolihisi ni kwamba mikono yako imeondoka kwenye mitambo. Huweki tena masasisho wewe mwenyewe, huamki tena saa nane usiku kufunga akaunti iliyodukuliwa. Sasa unaandika maneno, na maneno hayo yatafanyiwa kazi na watu ambao wengi wao hutaonana nao: fundi wa TEHAMA aliye peke yake katika ofisi ya mbali, afisa manunuzi, mhasibu, mwanasheria, karani wa masjala. Nimeifanya kazi hii kwa miaka mingi, na kuna jambo moja ninaloliamini kwa dhati. Sera ni kazi uliyompa mtu. Kama mtu huyo hatajwi kwa cheo, hana tarehe na hana fedha, basi hujampa kazi. Umemwandalia lawama tu.

Hatua zinazofuata nimezipanga kwa mfuatano ambao ningependa kufundishwa nilipoanza.

Hatua ya 1: Jua nguvu yako inatoka wapi

Kabla hujaandika hata aya moja, tafuta sheria, kanuni au waraka unaoipa ofisi yako mamlaka juu ya taasisi nyingine, uusome neno kwa neno. Tazama kitenzi kilichotumika. Kuagiza, kuratibu na kushauri ni vitenzi vitatu vyenye uzito tofauti kabisa, na wanasheria wa taasisi unazoziandikia watakuuliza hilo mapema.

Marekani, kwa mfano, sheria inaruhusu kutolewa maagizo ya usalama yanayozifunga taasisi za kiraia za serikali kuu. Ndiyo maana Novemba 2021 CISA, shirika la usalama wa mtandao la serikali hiyo, liliweza kutoa agizo BOD 22-01, likizitaka taasisi hizo zizibe kila udhaifu ulio kwenye orodha yake ya udhaifu ambao wadukuzi wamethibitika kuutumia: wiki mbili kwa udhaifu uliosajiliwa kuanzia 2021, miezi sita kwa ule wa zamani zaidi. Agizo kama hilo lina makali kwa sababu lina sheria nyuma yake.

Ofisi yako ikiwa na nguvu ya kushauri tu, ukaandika kama mwenye amri, waraka wako utawekwa kando kwa barua moja ya ukurasa mmoja. Katika hali hiyo mtafute mwenye nguvu (hazina, utumishi, mamlaka ya manunuzi) umwombe aliweke sharti lako kwenye waraka wake yeye. Masharti mengi ya usalama niliyoyaona yakishika mizizi yalipitia mlango wa manunuzi. Mfumo usio na uthibitishaji wa hatua mbili (nywila pamoja na uthibitisho wa pili) haununuliwi, basi. Hapo hakuna cha kubishana.

Angalia pia mikataba ambayo nchi yako imeridhia. Mkataba wa Budapest wa 2001 unahusu makosa ya mtandao na ushirikiano wa nchi katika ushahidi wa kidijitali. Mkataba wa Malabo wa Umoja wa Afrika, uliopitishwa 2014 na kuanza kutumika Juni 2023, unagusa pia miamala ya kielektroniki na ulinzi wa taarifa binafsi. Nchi ikiridhia mmojawapo, kuna wajibu unaoifuata, na wajibu huo ni hoja nzuri ya kuombea bajeti.

Hatua ya 2: Soma hoja za ukaguzi, kisha nenda ukakae na mafundi

Siku 60 za kwanza usitoe waraka wowote mpya kama unaweza kujizuia. Omba ripoti za ukaguzi za miaka mitatu iliyopita, uchore jedwali lenye safu nne: hoja, taasisi, mwaka ilipoibuliwa mara ya kwanza, na imejirudia mara ngapi. Hoja iliyojirudia mara tatu inakupa habari kubwa kuliko utafiti wowote utakaoulipia. Maana yake ni kwamba agizo lilikuwepo, likasomwa, likashindikana.

Ripoti hizo zina uzito kweli. Novemba 2014 Mkaguzi Mkuu wa OPM, ofisi inayosimamia utumishi wa serikali kuu ya Marekani, aliandika kwamba mifumo 11 kati ya mifumo mikubwa 47 ilikuwa ikiendeshwa bila idhini halali ya usalama. Mwaka uliofuata ikatangazwa kwamba taarifa za uchunguzi wa siri wa watu milioni 21.5 zimeibwa humo, pamoja na alama za vidole za watu milioni 5.6. Nywila mtu anaweza kubadilisha. Kidole habadilishi.

Baada ya ripoti, toka ofisini. Nenda kwenye chumba cha seva, keti na mtu anayeshika mitambo, umuulize maswali matatu. Sera gani huifuati, na kwa nini? Mfumo gani hakuna anayethubutu kuuzima? Mkataba wa mzabuni yupi unaisha mwaka huu? Mwambie wazi kwamba majibu hayaendi kwa bosi wake, na utimize hilo. Fundi akishajua kwamba uaminifu wake haumponzi, atakupigia simu mwenyewe mambo yanapoharibika, na simu hiyo utaihitaji sana.

Hapo ndipo utaanza pia orodha ya mifumo. Taasisi isiyojua ina nini haiwezi kukilinda. Desemba 2021, ulipotangazwa udhaifu wa Log4j, kazi iliyowakesha watu duniani kote ilikuwa kutafuta: kijiprogramu hicho kilikuwa kimefichika ndani ya programu nyingine, na ofisi nyingi hazikuwa na orodha ya kuziambia kiko wapi. Usisubiri orodha kamili. Anza na mifumo inayofikika kutoka intaneti na ile inayogusa fedha, afya na utambulisho wa raia.

Hatua ya 3: Tenganisha nyaraka zako

Sera inasema nini lazima kitokee na nani anawajibika. Kiwango kinataja kipimo: urefu wa nywila, idadi ya siku, aina ya usimbaji. Utaratibu unaeleza mkono ufanye nini. Mwongozo unashauri. Ukizichanganya ndani ya kitabu kimoja, kila toleo jipya la programu litakulazimisha urudi kwa waziri kuomba saini.

Kuhusu mfumo wa kujengea sera, usibuni wako. NIST, taasisi ya viwango na teknolojia ya Marekani, ina mfumo wake wa usalama wa mtandao, uliotoka 2014, na toleo la 2.0 la Februari 2024 lina majukumu sita: kutawala, kutambua, kulinda, kugundua, kukabiliana na kurejesha. Hilo la kutawala ndilo lililoongezwa, na ndilo kazi yako hasa. Kiwango cha kimataifa cha ISO/IEC 27001 cha 2022 kina vidhibiti 93. CIS, shirika la Marekani lisilo la kibiashara, katika toleo lake la nane, wana vidhibiti 18 vilivyogawanywa katika hatua 153, na hatua 56 kati ya hizo zimetengwa kama msingi wa kuanzia. Kwa taasisi ndogo yenye mafundi wawili ningeanza na hizo 56 bila kusita. Mfumo mkubwa usiotekelezeka huwafundisha watu kwamba sera si kitu cha kufuatwa, na fundisho hilo halifutiki upesi.

Hatua ya 4: Andika sentensi inayoweza kufanyiwa kazi

Hapa ndipo ninapoomba uvumilivu wako, maana ndipo kazi yenyewe ilipo. Soma sentensi hii, ambayo ndugu zake wamejaa kwenye nyaraka za serikali:

"Taasisi zihakikishe kuwa mifumo yote inalindwa ipasavyo dhidi ya vitisho vya kimtandao na kwamba masasisho yanafanyika kwa wakati."

Sasa jiweke kwenye kiti cha fundi Jumatatu asubuhi. "Taasisi" ni nani? Taasisi haina mikono. "Mifumo yote" ni pamoja na printa ya mapokezi? "Ipasavyo" ni kiasi gani? "Kwa wakati" ni kesho au mwakani? Sentensi haina kosa la sarufi wala neno baya, na hakuna mtu duniani anayeweza kuivunja. Hilo ndilo tatizo lake. Sera isiyoweza kuvunjwa haiwezi kufuatwa pia.

Tuiandike upya:

"Mkuu wa kitengo cha TEHAMA lazima ahakikishe kila seva inayofikika kutoka intaneti imewekewa sasisho la usalama la daraja la hatari kubwa ndani ya siku 14 tangu mtengenezaji alitoe. Pale isipowezekana, lazima awasilishe ombi la ruhusa maalumu kabla ya siku ya 10, likieleza kinga mbadala. Orodha ya seva zilizopitisha muda lazima imfikie mkuu wa taasisi kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi."

Imekuwa ndefu, ni kweli. Lakini ina cheo, ina kitu kinachohesabika, ina tarehe, ina mlango wa kutokea kwa heshima, na ina mtu wa juu atakayeona matokeo. Mkaguzi akija anaweza kusema ndiyo au hapana. Siku 14 zenyewe si za kukariri. Ziweke kwa kadiri mafundi wako wanavyoweza kweli, kisha uzipunguze mwaka hadi mwaka. Nimeona waraka ukidai saa 48 mahali ambapo sasisho moja linahitaji kibali cha kamati inayokutana mara moja kwa mwezi. Kila mtu pale alijua ni uongo, ila walikuwa wameusaini.

Kuwa mkali na maneno ya nguvu. Wajenzi wa intaneti walilikabili jambo hili Machi 1997 katika waraka wao RFC 2119, wakafafanua maneno machache ya kutofautisha kilicho cha lazima, kinachopendekezwa na cha hiari. Fanya hivyo hivyo kwa Kiswahili kwenye ukurasa wa kwanza wa sera. "Lazima" ni sharti, asiyelitimiza aombe ruhusa maalumu. "Inapendekezwa" ni pendekezo, asiyelifuata aandike sababu yake. "Anaweza" ni hiari. Baada ya hapo usitumie "inapaswa", "ni vyema", "yafaa" wala kiambishi cha kuagiza kama "zihakikishe" kikining'inia peke yake, kwa kuwa kila msomaji atayapima maneno hayo kwa mizani yake. Pitia rasimu nzima ukitafuta "ipasavyo", "kwa wakati", "stahiki", "mara kwa mara" na "kadiri inavyowezekana". Kila unapolikuta mojawapo, weka namba au ulifute.

Hatua ya 5: Ipeleke chumbani kabla haijasainiwa

Rasimu ikishapita kwa wanasheria, wengi huipeleka kwa bosi. Usifanye hivyo bado. Chagua ofisi tatu zisizofanana: moja kubwa yenye watu na vifaa, moja ya kati, moja ya mwisho kabisa kwa uwezo. Nenda nayo mkononi, umwombe mtumishi aitekeleze mbele yako, kifungu kwa kifungu.

Nilijifunza hili kwa uchungu. Niliwahi kuandika kifungu kinachodai kila anayeingia kwenye mfumo wa majalada apokee namba ya siri kwa simu yake ya mkononi. Kilikuwa kifungu kizuri na nilikitetea kwa nguvu kwenye vikao. Miezi minne baadaye nilifika kwenye masjala ya siri ya ofisi moja. Mlangoni palikuwa na kisanduku cha mbao chenye vyumba vidogo, na kila mtumishi aliacha simu yake humo kabla ya kuingia, kwa sababu kanuni nyingine ya usalama, ya zamani kuliko yangu, inakataza simu ndani. Ndani, watumishi saba walikuwa wanatumia akaunti moja. Msimamizi wao, mama mtu mzima mwenye miaka mingi kazini, aliinua kibao cha kuchapia akanionyesha kipande cha karatasi chenye nywila. "Mwanangu, tungefanyaje?" akaniuliza. "Kazi haiwezi kusimama."

Hakuwa mkaidi. Alikuwa amepewa amri mbili zinazopingana, na moja ilikuwa yangu. Tulitatua kwa vifaa vidogo vya ufunguo vinavyochomekwa kwenye kompyuta, kimoja kwa kila mtu, vikilala kwenye kabati la chuma. Lakini ile miezi minne ya akaunti ya pamoja ilikuwa imeshapita, na hakuna kumbukumbu ya mfumo inayoweza kusema nani alifungua jalada gani. Tangu siku hiyo sipeleki rasimu kusainiwa kabla sijaiona ikitekelezwa kwa mikono.

Mfano mkubwa zaidi wa jambo hilo ni nywila. Kwa miaka mingi taasisi duniani kote ziliwalazimisha watumishi kubadili nywila kila baada ya siku 90 au pungufu. Watu wakawa wanaongeza namba mwishoni: 1, 2, 3. Mwaka 2017 NIST, katika mwongozo wake SP 800-63B, ikashauri mabadiliko ya ratiba yasilazimishwe, nywila ibadilishwe pale penye dalili kwamba imevuja. Nenda kaangalie sera yenu inasema nini leo. Ikiwa bado inadai siku 90, una kazi ya kwanza iliyo rahisi, na itakayokupatia marafiki.

Hatua ya 6: Tengeneza mlango wa ruhusa maalumu, na uulinde

Hakuna sera itakayoenea kila mahali. Kuna mashine ya hospitali ambayo mtengenezaji wake haruhusu masasisho, kuna mfumo wa mishahara ulioandikwa na mtu aliyekwisha kustaafu. Usipoweka njia halali ya kusema "hapa hatuwezi", watu watanyamaza, na ukimya ndio utakaokuumiza.

Fomu iwe ya ukurasa mmoja. Mfumo gani, kifungu kipi hakitekelezwi, kwa nini, kinga gani imewekwa badala yake, nani amekubali kubeba hatari, na ruhusa inaisha lini. Mambo mawili usiyalegeze. Anayekubali kubeba hatari awe ndiye mwenye shughuli, yaani mkurugenzi wa mishahara au wa hospitali. Fundi asisaini kamwe, kwa kuwa hana mamlaka ya kuamua kwamba mishahara ya watu inaweza kuhatarishwa. Na ruhusa iwe na kikomo, siku 180 ikizidi sana. Ikiisha bila kuombwa upya, jina la mfumo liende kwa mkuu wa taasisi.

Kilichosahaulika ndicho kinachoingiza mwizi. Mei 2021 kampuni ya bomba la mafuta la Colonial nchini Marekani ilisimamisha bomba zima baada ya kushambuliwa kwa virusi vya kudai fidia. Mkuu wa kampuni aliliambia Seneti kwamba wadukuzi waliingia kwa akaunti ya zamani ya kuunganishia kutoka mbali, ambayo haikutakiwa kuwa inatumika tena, na iliyolindwa kwa nywila peke yake. Mlango mmoja ambao hakuna aliyeukumbuka.

Hatua ya 7: Fungamanisha mpango na kalenda ya fedha

Sera nzuri iliyosainiwa mwezi mmoja baada ya bajeti kufungwa itasubiri mwaka mzima. Hivyo fanya hesabu kinyumenyume. Tafuta tarehe ambayo taasisi zinawasilisha makadirio, rudi nyuma miezi mitatu, na hiyo ndiyo tarehe ya mwisho ya kila sharti jipya lenye gharama. Sharti lisilo na gharama linaweza kutoka wakati wowote, ingawa yako machache kuliko tunavyodhani: hata kusoma kumbukumbu za mfumo kila siku ni saa za mtu, na saa za mtu ni mshahara.

Kila kifungu chenye gharama kiandikie sentensi moja ya fedha: kinahitaji kitu gani, kasma gani italipa, na cha mara moja au cha kila mwaka. Hilo la mwisho ndilo linalowaangusha wengi. Fedha za mradi hununua vifaa vizuri vya ulinzi, leseni ya miaka mitatu ikiwemo. Mwaka wa nne mradi umefungwa, leseni imekwisha, na kifaa kinawaka taa za kijani bila kulinda chochote. Weka gharama ya mwaka wa nne kwenye matumizi ya kawaida tangu siku ya kwanza. Ukikataliwa, nunua kitu kidogo zaidi.

Unapopanga vipaumbele, tumia rejista ya vihatarishi, lakini usiiachie rangi nyekundu na njano zikuamulie. Kwa kila kihatarishi andika huduma gani itasimama, itasimama siku ngapi, na nani atakosa nini. "Seva ya forodha inaweza kudukuliwa" haimsukumi mtu. "Forodha ikizimika siku tano, makontena hayatoki bandarini na hazina haikusanyi ushuru" inamfanya katibu wa hazina aweke kalamu chini. Si hadithi ya kutishia watu. Aprili 2022 Costa Rica ilishambuliwa na genge la Conti, mifumo ya kodi na forodha ya wizara ya fedha ikalazimika kuzimwa, na Mei rais mpya, Rodrigo Chaves, akatangaza hali ya dharura ya kitaifa siku aliyoapishwa.

Hatua ya 8: Hakiki, usiulize

Dodoso linalouliza "Je, mmeweka masasisho? Ndiyo/Hapana" litakurudia na ndiyo nyingi. Watu wengi hawadanganyi kwa makusudi, wanajibu wanavyoamini.

Kisa cha WannaCry, virusi vya kudai fidia vilivyoenea duniani 2017, kinafaa kusomwa na kila mwandishi wa sera. Microsoft ilitoa sasisho la kuziba udhaifu ambao virusi hivyo viliutumia tarehe 14 Machi 2017. Shambulio likaja tarehe 12 Mei, karibu miezi miwili baadaye. Ofisi ya Taifa ya Ukaguzi ya Uingereza ilipochunguza hospitali za umma, ilikuta kwamba walau taasisi 80 kati ya 236 za afya England ziliathirika, na makadirio ya miadi ya wagonjwa iliyofutwa yalizidi 19,000. Maelekezo yalikuwa yametolewa: tangu 2014 taasisi ziliandikiwa ziwe na mpango wa kuachana na programu za zamani, na Machi na Aprili 2017 zikapewa tahadhari ya kuweka sasisho lile. Ila wizara haikuwa na utaratibu rasmi wa kujua kama ushauri wake umefuatwa.

Kwa hiyo kila "lazima" kwenye sera iwe na ushahidi unaoweza kuupata bila kumuuliza mtu. Seva zinazofikika kutoka intaneti unaweza kuzikagua mwenyewe kwa mtambo, kwa idhini iliyoandikwa. Uthibitishaji wa hatua mbili una ripoti ndani ya mfumo wenyewe. Nakala rudufu hazihakikiwi kwa ripoti kabisa. Chagua faili moja, taja tarehe, mwambie fundi alirejeshe ukiwa umesimama pale. Nimeona ofisi yenye rekodi safi ya nakala za kila usiku ikitafuta faili moja kwa saa sita.

Matokeo yapeleke kwanza kwa taasisi husika, uwape wiki mbili za kurekebisha, halafu ndipo yapande juu. Ukianza na kuaibisha, mwaka ujao hutaonyeshwa kitu.

Hatua ya 9: Zoezi la mezani, mara mbili kwa mwaka

Ukaguzi huo huo wa WannaCry uligundua kwamba mpango wa kukabiliana na shambulio ulikuwepo, lakini haukuwa umejaribiwa ngazi ya chini, na saa za mwanzo haikuwa wazi nani aongoze. Barua pepe zilipokuwa hazifanyi kazi, watu waliwasiliana kwa simu zao binafsi na WhatsApp.

Zoezi halihitaji mitambo. Linahitaji chumba, saa tatu, na watu wenye kusaini: mkuu wa taasisi au naibu wake, mwanasheria, msemaji, mhasibu, mkuu wa TEHAMA. Wasomee hali: "Ni Ijumaa saa kumi jioni. Faili za mfumo wa mishahara zimefungwa, na kwenye skrini kuna ujumbe wa kudai fidia. Mishahara inatakiwa kutoka Jumanne." Kisha nyamaza. Nani ana mamlaka ya kuzima mfumo? Namba zake za simu ziko wapi kama barua pepe haifunguki? Mwandishi wa habari amepiga, nani anamjibu? Kila dakika 20 ongeza habari mpya.

Andika kila mahali watu waliposita. Hapo ndipo sera yako ina tundu. Baada ya zoezi toa orodha ya marekebisho yasiyozidi matano, kila moja na cheo na tarehe. Na orodha ya simu za dharura ichapishwe kwenye karatasi, maana ikikaa kwenye seva iliyofungwa haimsaidii mtu.

Hatua ya 10: Dokezo la ukurasa mmoja

Mkuu wako hatasoma sera ya kurasa 30, na hana kosa. Mwandikie dokezo lenye mambo manne: uamuzi unaouomba, sababu yake kwa lugha ya huduma na fedha, njia tatu zikiwa na gharama zake (mojawapo ikiwa ni kutofanya lolote), na ile unayoipendekeza wewe. Uamuzi uwe mstari wa kwanza. Usitumie neno la kitaalamu ambalo hawezi kulirudia mbele ya waziri.

Akichagua njia usiyoipenda, andika alichoamua, weka kwenye jalada, uitekeleze kwa moyo wote, na uweke tarehe ya kuipitia tena.

Hatua ya 11: Futa

Kila sera mpya itaje, kwa namba na tarehe, nyaraka inazozifuta. Nimekuta taasisi yenye nyaraka sita hai kuhusu barua pepe, mbili zikipingana, na kila mtumishi akifuata ile aliyoikuta alipoajiriwa. Weka ukurasa mmoja unaoorodhesha nyaraka zote zinazotumika leo, nani mwenye kila moja, na mwezi wa kupitiwa. Ukurasa huo ubandikwe pale fundi mpya atakapouona siku anayoripoti kazini.